Bunia: Fundi wa redio achagua sanduku na alimantasio ya kompyuta, baada ya sauti za wahami kupotea

Bunia, jimbo la Ituri. Kila jioni, kabla ya habari za saa kumi na mbili, redio moja ya jamii hapa mjini inatoa komunike. Ni saa ya watu kutafutana. Mama aliyekimbia Djugu na watoto watatu, akafika Bunia na wawili, anataja jina la yule wa tatu, umri wake, na nguo aliyokuwa amevaa. Mzee anaomba habari za ndugu yake aliyebaki nyuma na ng'ombe. Katika kituo cha wahami cha Kigonze, watu wanakusanyika penye redio moja yenye betri nzuri, na watoto wanaambiwa wanyamaze.

Siku moja ya kiangazi, mwezi wa pili, saa hiyo ilifika na komunike haikutoka. Wasikilizaji walipata muziki tu mpaka habari.

Sababu ilikuwa ndani ya chumba cha montaji, chini ya meza, ndani ya sanduku la kompyuta. Na aliyefanya kosa ni fundi wa redio mwenyewe.

Fundi huyo ana miaka thelathini na kitu. Yeye pia ni mhami. Alitoka kijijini Djugu na mkoba mmoja, akajifunza Bunia kutengeneza simu, kisha kompyuta. Redio haimlipi sana, lakini inamwamini. Kompyuta ya montaji ilikuwa imeanza kujizima yenyewe kila mchana. Alipofungua sanduku, alikuta vumbi jekundu limeshika kila waya. Waya zenyewe zilikuwa zimesukumwa mbele ya vantilateri, bunda moja kubwa, kwa sababu aliyeziweka hakuona mahali pengine pa kuzificha. Alimantasio, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa prizi na kuugawa ndani ya kompyuta, ilinuka moto.

Akaitoa. Akachukua nyingine, iliyotoka kwenye kompyuta ya zamani. Hiyo ilikuwa ya aina ambayo waya zake zinachomolewa kwenye alimantasio. Waya wa kwenda kwenye diski haukuwepo. Ndani ya katoni la vyuma na waya za zamani, akapata waya mmoja ambao kichwa chake kiliingia vizuri pande zote mbili. Saa ilikuwa imesonga, watu wa montaji walikuwa wanamsubiri mlangoni. Akawasha. Diski ikatoa harufu kali, na ikafa.

Kosa hilo ni dogo kulieleza, na mafundi wengi hawalijui. Kwenye diski, kichwa cha waya ni kimoja duniani kote. Lakini upande wa alimantasio, kila kiwanda kinapanga matundu yake kinavyotaka. Waya wa kiwanda kimoja unaweza kuingia kwenye alimantasio ya kiwanda kingine, halafu ukapeleka volti 12 mahali panapotakiwa volti 5. Hata alimantasio mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana. Kuingia kwa kichwa si alama kwamba ndicho.

Ndani ya diski ile kulikuwa na sauti 37 zilizorekodiwa Kigonze wiki hiyo. Mashini ndogo ya kurekodi ilikuwa imekwisha kufutwa ili ipate nafasi. Nakala ya pili haikuwepo.

Kesho yake asubuhi, mama mmoja alifika mlangoni mwa redio kwa miguu.

"Papa fundi, jana nimesikiliza. Sikusikia jina la mtoto wangu."

"Mama, mashini imeharibika."

"Imeharibika yenyewe?"

Fundi alinyamaza kidogo. Angeweza kusema ni umeme, na kila mtu Bunia angemwamini.

"Hapana, mama. Ni mimi niliiunguza."

Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa. "Basi utarekodi tena. Lakini mara hii isipotee. Maneno yale siwezi kuyasema kila siku."

Ni maneno hayo fundi alikwenda nayo sokoni.

Klabu ya wasikilizaji ilichanga. Wengine walileta dola, wengine noti za franka mia tano zilizokunjwa mara nne. Pamoja na mchango wa wafanyakazi, ilifika dola 150. Karti mama, ile sahani kubwa inayobeba vifaa vyote, ilikuwa imepona. Prosesa pia. Kilichohitajika ni diski, alimantasio na sanduku, lile ambalo mafundi wanaita bwatiye. Kwa pesa kama hizo, wengi wangenunua diski kwanza na kuacha sanduku lilelile. Fundi aliona kwamba ugonjwa ulianzia kwenye sanduku: waya hazikuwa na njia, zikakaa mbele ya vantilateri, vumbi likapata mahali pa kulala, joto likapanda.

Kwenye duka moja karibu na Bulvari ya Libération, muuzaji alimwonyesha masanduku mawili yaliyotoka Kampala. La kwanza lilikuwa na kioo mbele, kioo ubavuni na taa za rangi. Lilipendeza. La pili lilikuwa jeusi, la chuma, na mbele yake wavu tu. Fundi aliomba bisibisi, akafungua ubavu wa kulia wa yote mawili, ule ambao hauangaliwi na mtu.

"Wenzako wanaangalia kioo," muuzaji alimwambia. "Wewe unaangalia mgongo."

Mgongoni ndiko waya zinakopita. Kati ya sahani ya chuma inayoshika karti mama na mlango wa ubavu, lazima kuwe na nafasi ya kutosha, angalau sentimita mbili, kwa sababu bunda la waya wa vichwa 24 unaolisha karti mama ni nene. Nafasi ikiwa ndogo, mlango haufungi, na fundi anaanza kuusukuma kwa goti. Sanduku la kioo lilikuwa na nafasi ya kidole kimoja chembamba. La wavu lilipitisha vidole viwili.

Aliangalia pia matundu pembeni ya karti mama, kama yako karibu na mahali waya zinapoingia, na kama kingo zake zimekunjwa au zimevikwa mpira zisikate waya. Aliangalia vijipete vya chuma vya kufungia kamba. Aliangalia chini, kama kuna chumba chenye kifuniko cha kuificha alimantasio na waya zake za ziada. Na aliangalia kama kuna kichujio cha vumbi mbele na chini, kinachotoka kwa mkono bila kufungua skrubu. Kwa kiangazi cha Bunia, kichujio kisichotoka hakisafishwi.

Alichukua la wavu, dola 40. Mbele ya kioo hewa inaingia kwa tabu.

Alimantasio ilimchukua muda zaidi. Ya kwanza aliyopewa ilikuwa nyepesi mkononi, imeandikwa wati 500 kwa maandishi makubwa, dola 15. Fundi hakusoma maandishi makubwa. Alisoma madogo, kwenye karatasi ya ubavuni, mstari wa volti 12, kwa sababu hapo ndipo kompyuta za leo zinachukua karibu nguvu zao zote. Iliandikwa ampea 16. Kumi na mbili mara kumi na sita ni wati 192. Zile 500 ni za nini, muuzaji hakuweza kueleza.

Ya pili iliandikwa wati 450, na mstari wa volti 12 ulikuwa na ampea 36. Hiyo ni wati 432. Hapo jina na kazi vinalingana. Ilikuwa na alama ya 80 Plus Bronze, maana yake ikiwa inafanya kazi nusu ya nguvu zake, sehemu kama 85 kwa mia ya umeme inaofyonza inafika ndani ya kompyuta, na ni kidogo tu inayogeuka joto. Kompyuta ya montaji ya sauti, isiyo na karti kubwa ya michezo, haifiki wati 150. Basi 450 inatosha na kubaki.

Jambo la tatu ni umeme wa kuingia. Alimantasio za zamani ziko na kijiti chekundu nyuma: 115 au 230. Kikibaki kwenye 115 na ukachomeka kwenye umeme wetu wa volti 220, inalipuka palepale. Ile aliyochagua imeandikwa 100–240, bila kijiti. Inavumilia umeme unaposhuka jioni, wakati mtaa mzima unawasha taa. Haivumilii radi wala umeme unaoruka ghafla gurupu inapowashwa, kwa hiyo stabilizateri bado inahitajika, na prizi yenye waya wa ardhi unaofika ardhini kweli.

Halafu ikaja shauri gumu. Muuzaji alikuwa na aina mbili kwa bei iliyokaribiana. Moja waya zake zinachomolewa. Unaweka zile unazohitaji tu, na sanduku linabaki safi. Kwa mtu anayetaka waya zipangike vizuri, ndiyo inayosifiwa. Nyingine waya zake zote zimeshonwa ndani, hazitoki, na zile zisizo na kazi lazima utafute pa kuzificha.

Fundi alizishika zote mbili kwa muda mrefu. Alijua ile ya kwanza ingependeza zaidi. Alijua pia katoni la waya za zamani liko wapi katika redio, na kwamba siku moja yeye atakuwa kijijini au mgonjwa, na kijana mwingine ataingiza mkono ndani ya katoni hilo, saa ikiwa imesonga, watu wakimsubiri mlangoni. Waya usiochomoka hauwezi kubadilishwa na mwingine. Alichukua ile ya waya zilizoshonwa, dola 55. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu sanduku lilikuwa na chumba chini: alimantasio ina urefu wa sentimita 14, na mbele yake ilibaki nafasi ya kukunja waya za ziada. Ndiyo maana vitu hivi viwili vinachaguliwa pamoja, siku moja, kwenye meza moja. Alipima pia waya wa prosesa kabla ya kulipa. Alimantasio ikikaa chini, waya huo unapanda mgongoni mpaka pembe ya juu, na ukiwa chini ya sentimita 60 mara nyingi haufiki.

Zilibaki dola 55. Diski mpya, na ufunguo wa USB wa kuweka nakala ya pili.

Usiku huo alifanya kazi polepole. Waya wa prosesa kwanza, kwa sababu pembe yake haifikiki baadaye. Kisha ule wa vichwa 24, kisha wa diski, mwisho nyuzi ndogo za kitufe cha kuwasha. Alifunga kwa kamba za kushikana, kama zile za viatu vya watoto, ambazo alizitoa kwenye mikoba mibovu ya shule. Kamba za plastiki ni nzuri, lakini kila matengenezo yanataka uzikate, na mkasi karibu na waya ni hatari. Raba za baiskeli zinakauka kwa joto na kukatika.

Alimantasio aliiweka vantilateri yake ikitazama chini, penye kichujio, na sanduku akaliinua juu ya meza ndogo ya mbao, mbali na sakafu inayofagiliwa. Waya za mikro na mikseri alizitenga na waya za umeme. Zamani zilikuwa zimelala pamoja, na wasikilizaji walikuwa wanasikia mvumo chini ya kila sauti. Panapobidi zikutane, alizipitisha kama msalaba, zisifuatane.

Yeye mwenyewe hadanganyi watu kwamba waya zilizopangwa zinapoza kompyuta kwa ajabu. Tofauti ya joto ni ndogo, isipokuwa waya zikiziba vantilateri, kama ilivyokuwa. Faida yake kubwa ni nyingine: ukifungua, unaona. Unajua waya upi unakwenda wapi, vumbi unalipuliza likatoka, na anayekuja baada yako hakisii.

Katoni la waya za zamani alilimwaga mezani. Kila waya ambao hakujua umetoka kwenye alimantasio ipi, aliukata katikati.

Timu ilirudi Kigonze kurekodi tena. Kati ya wale 37, walipatikana 29. Wanane walikuwa wamekwisha kuhama, na majirani hawakujua wamekwenda upande gani. Fundi aliomba majina yao, akayaandika kwenye daftari. Redio inayasoma kila Jumapili, kuwaomba warudi waseme tena.

Mama yule alirekodi wa kwanza. Alisema jina, umri, shati la kijani. Kabla ya kuondoka aliuliza, "Sasa iko wapi?" Fundi alimwonyesha diski, kisha ufunguo wa USB ndani ya kabati la mkurugenzi. Mama aliviangalia vyote viwili, akatikisa kichwa kukubali.

Komunike yake imetoka mara nyingi tangu hapo. Simu imekuja kwa wengine wawili. Kwake bado. Kila Ijumaa anapita redioni kuuliza, na mara nyingi anamkuta fundi nje kwenye ngazi, anapiga kichujio kwenye ukuta, vumbi jekundu linaanguka.