Picha ya mchanga

Ndugu zangu wa kikundi, tangu nilipotuma ile picha ya mdiria mwaka jana mmekuwa mkiniuliza sehemu nzuri za kuwaona hapa Nakivale. Wengine mliniandikia inbox, wengine mlinisimamisha barabarani New Congo, na kuna yaya mmoja wa shirika aliniambia nichore hata ramani. Nimechelewa kujibu na niko na sababu. Nitaieleza, lakini kwanza niwape kile mlichoomba, msije mkasema nawazungusha.

Nilikotoka, kule Fizi, tulikuwa tunamwita tu ndege mvuvi. Jina la mdiria nilikutana nalo hapa, kwenye kamusi. Kwetu ziwani Tanganyika huhangaiki kumtafuta, yuko kila mahali kama kuku. Ndiyo maana nilipofika hapa na kumwona kwa mara ya kwanza juu ya Ziwa Nakivale nilisimama na jerikani kichwani mpaka shingo ikauma. Nilikuwa sijaona kitu cha nyumbani kwa miezi mingi.

Yule niliyemwona ni mweusi na mweupe, madoadoa kama kanga. Huyo ndiye rahisi kuliko wote. Anasimama hewani palepale, mabawa yanapiga haraka, mdomo umeelekezwa chini, halafu anaanguka kama jiwe. Mwangalie kifuani: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja tu, tena umekatika katikati. Kumwona nenda pale mitumbwi inapoegeshwa, asubuhi kabla upepo haujaanza kukoroga maji. Maji yakichafuka haoni samaki, anaenda zake.

Mdogo kuliko huyo, yule wa bluu mwenye tumbo la rangi ya chungwa, anataka subira. Ana urefu wa sentimita kama 13 hivi, na kakishungi kichwani ambako anakainua akishtuka. Haelei hewani. Anatua chini kabisa kwenye mafunjo au matete, karibu kugusa maji, ananyamaza. Ukitembea hutamwona hata siku moja. Kaa sehemu moja ambapo mafunjo yana uwazi kidogo na maji yametulia, mpe jua mgongo, na usiangalie ndege, angalia mabua. Bua likitikisika peke yake bila upepo, ndiye huyo ameondoka au ametua. Ukimwona mwenye mdomo mweusi badala ya mwekundu usiseme ni aina nyingine kama nilivyobishana na watu hapa. Ni mtoto, bado hajakomaa.

Halafu kuna wale wasiojali maji. Hii iliwashangaza wengi wenu. Ndiyo, kuna mdiria asiyekula samaki. Yule mwenye mabawa ya bluu inayong'aa, mdomo juu mwekundu na chini mweusi, anakula panzi na mende na mijusi, na utamkuta kwenye migunga kando ya mashamba ya mahindi. Anaanza na sauti moja kali, halafu mlio mrefu unaoteremka kama mtu anayepitisha kijiti kwenye bati la mikunjo. Wa Juru msiteremke ziwani bure, mnaye huko huko juu.

Onyo moja tu: viboko. Usiku wanatoka kula majani, alfajiri wanarudi majini. Msisimame kwenye njia zao, na zinajulikana, majani yamelala na kuna matope. Onyo la pili si la wanyama. Kijana mkimbizi anayesimama ziwani saa kumi na mbili asubuhi na simu mkononi anafanana na mlinzi wa wavuvi wasio na kibali. Mimi nilishawekwa chini mara moja, nikaulizwa namfanyia nani kazi. Nikasema niko naangalia ndege. Hawakunicheka, na hilo ndilo liliniogopesha zaidi. Nilifungua simu nikawaonyesha picha, moja baada ya nyingine, mpaka wakachoka wakaniachia. Tangu siku hiyo simwendei ndege bila kumwambia kiongozi wa kijiji, na ninamtafuta mzee wa mtumbwi anijue uso.

Sasa ile picha.

Mzee mmoja Mrundi, mvuvi wa zamani, ndiye aliyenipeleka. Kuna sehemu ambapo mvua ilikata ardhi ikabaki ukuta wa mchanga, juu kidogo kuliko mtu mzima. Ukutani kulikuwa na matundu. Mzee alinionyesha jinsi ya kujua tundu linalokaliwa: chini ya mlango kuna mifereji miwili midogo, ni miguu ya ndege wakiingia na kutoka, na kuna alama nyeupe za kinyesi. Ukisogea karibu linanuka samaki aliyeoza. Kisha akaniambia, mwanangu, tazama samaki. Mdiria akitaka kumeza mwenyewe, kichwa cha samaki kinaelekea kooni kwake. Ukiona kichwa kinaelekea nje, huyo samaki si wake, anampelekea mtu.

Tulikaa pale asubuhi nzima. Vichwa vyote vilielekea nje.

Baadaye nilisoma kuhusu mtafiti Heinz-Ulrich Reyer, aliyewafuatilia hawa weusi-weupe huko Kenya, kwenye Ziwa Naivasha na Ziwa Victoria. Aliona kwamba wazazi wana wasaidizi, madume ambayo hayana jike, yanayoleta samaki kwa vifaranga visivyo vyao. Naivasha walipokea ndugu tu, watoto wao wa zamani. Victoria, ambako kuvua ni kugumu zaidi, walipokea hata wageni wasio na undugu nao. Nimeisoma hiyo mara nyingi. Sitaeleza kwa nini, nyinyi mnaijua mistari ya mgao kama mimi.

Basi nilipiga picha nzuri ya ule ukuta, jua limeupiga, mchanga unang'aa kama sukari, ndege wawili mlangoni. Nikaituma kwenye kundi. Nikaweka na lokesheni. Mkanipa mioyo mingi sana, nikajisikia mtu.

Baada ya siku kumi hivi nilirudi na mdogo wangu, nikiwa nimemwahidi vifaranga. Nusu ya ukuta haikuwepo. Ilikuwa imechimbwa kwa jembe, safi kabisa, na chini kulikuwa na alama za tairi la baiskeli na za jerikani zilizokatwa. Vifupa vya samaki vimetawanyika. Mdiria mmoja alikuwa anazunguka mbele ya pale palipokuwa na tundu, samaki mdomoni. Alitua kwenye kijiti, akaruka, akarudi, akaelea hewani mbele ya mchanga mtupu, akarudi kijitini. Mdogo wangu akaniuliza, "Yaya, mbona hamezi?" Niliangalia. Kichwa kilielekea nje.

Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nilifuata alama za baiskeli mpaka zikaishia kwenye nyumba inayojengwa, pembeni ya hema la shitingi. Nilikuwa nimepanga maneno. Akatoka mama mmoja, mtoto mgongoni, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Nikamsalimu, shikamoo mama, kwa sababu nimelelewa hivyo, na hapo hasira ikaanza kukosa pa kukaa. Nikamuuliza mchanga aliutoa wapi. Akafurahi kuulizwa! Akasema kijana wake ameonyeshwa kwenye simu, kuna mtu alituma picha ya mchanga mzuri, hauna mawe, na hauko mbali. Kwa muda wote walikuwa wanapiga ukuta kwa udongo unaopasuka, mvua ikaingia, watoto wakalala wamesimama. "Mungu ambariki huyo aliyetuma," akasema.

Mimi niliona ndege wawili. Yeye aliona plasta. Picha ni ileile.

Sikumwambia siku ile. Nilisema mchanga ni mzuri kweli, nikarudi nyumbani. Lokesheni niliifuta usiku ule, lakini watu walikuwa wameshaihifadhi. Ikabidi nirudi kwake kesho yake, maana nusu ya ukuta ilikuwa imebaki na nilijua atarudi kuchimba. Nilimweleza yote, hata samaki. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani atanifukuza. Akauliza, "Vilikuwa vingapi ndani?" Nikasema sijui. Akasema afadhali ningemwambia kabla hajachimba kuliko baada. Sina jibu la hilo mpaka leo. Kisha akasema ukuta wa nyuma bado, na mchanga lazima autoe mahali.

Tulitafuta mahali. Mimi, mdogo wangu na wawili wa kikundi (mnajijua) tulibeba mchanga kutoka kwenye mtaro wa barabara, safari kumi na moja, na haukuwa mzuri kama ule. Una mawe. Mama alilalamika na alikuwa na haki. Ile nusu iliyobaki haijaguswa tena, angalau mpaka wiki iliyopita nilipopita. Lakini sitawadanganya kwamba ndege wamerudi wote. Nilihesabu matundu manne yenye mifereji. Mwanzo yalikuwa tisa.

Kwa hiyo ramani haitakuwepo, yaya wa shirika unisamehe. Ninajua bonde hili lote la Mburo na Nakivale liliorodheshwa kwenye mkataba wa Ramsar mwaka 2006, na kule kwenye hifadhi ya Mburo wageni wanalipia boti kuangalia ndege hawahawa. Huku kwetu ukuta wa mchanga ni ukuta wa nyumba ya mtu. Nitawaambia ndege anapovua, siwaambii anapolala. Anapovua mkifika anaruka tu, anatafuta kijiti kingine. Anayetaka kuona matundu aje na mimi, kwa miguu, simu mfukoni.

Yule mama nilimtembelea Jumapili. Nyumba imekwisha, ukuta wa nyuma una mabaka ya mawe kama upele. Mtoto wake mkubwa akanivuta mkono, akaniambia nyuma ya choo kuna kitu changu. Alikuwa kwenye mti wa kuanikia nguo: tumbo la kahawia, kichwa cheupe-kijivu, mdomo mwekundu wote. Ni mmoja wa wale wasiojali maji. Ana panzi.

"Kichwa kinaangalia wapi?" mtoto akaniuliza.

Kwa panzi sikuweza kuona.

Jumamosi tunaenda pale kwa mitumbwi, wa weusi-weupe na yule mdogo wa bluu. Tukutane Base Camp kabla jua halijatoka. Mzee wa mtumbwi nimeshaongea naye, na kiongozi wa kijiji ana taarifa. Asiye na gambuti avae viatu visivyomuuma vikiharibika.