Jina Ambalo Siandiki Tena

Kwa miaka saba niliandika jina la kaka yangu kila siku. Niliandika asubuhi nikifungua barua pepe, niliandika chuoni, niliandika usiku pale Umoja stima ikipotea na simu ikiwa imebakisha chaji ya asilimia nne. Jina lake, halafu mwaka aliozaliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa nywila yangu ya kila kitu.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimejifunza.

Alifariki nikiwa kidato cha pili. Kwetu si watu wa kuongea sana juu ya msiba. Mama alikunja nguo zake, akazifunga kwa shuka, maisha yakaendelea. Nilipofungua akaunti yangu ya kwanza ya barua pepe, kwenye saiba moja ya mtaani iliyokuwa ikitoza shilingi moja kwa dakika, mashine iliniomba neno ambalo siwezi kulisahau. Nilikuwa nalo moja tu.

Kompyuta ya nyumbani ilikuja 2019, mtumba kutoka Luthuli. Jamaa aliyetuuzia alituwekea Windows na programu nyingine kibao, hakuna hata moja iliyolipiwa, na akaongeza filamu kadhaa kama zawadi. Mama akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, vile anavyofunika televisheni. Ilikuwa ya wote. Mama aliweka hesabu za chama, mdogo wangu wa kike akaweka michezo ya magari, mimi nikatengeneza mabango na kadi za harusi. Sote tuliingia kwa akaunti moja, ile yenye mamlaka yote juu ya mashine, bila nywila. Watu wa nyumba moja, utamfungia nani mlango?

Mwaka wa 2021 nilipata kazi ya kadi za harusi iliyohitaji programu nzuri ya picha. Ile halali ililipiwa kila mwezi, kwa dola. Nikatafuta ya bure, nikaipata. Maelekezo yalikuwa hatua tano, na ya kwanza ilisema: zima programu ya kuzuia virusi, kwa sababu itapiga kelele bure. Nikazima. Leo nikiikumbuka hiyo sentensi naona ni kama mwizi akupigie simu akuombe umfungie mbwa kabla hajafika.

Nilibofya. Dirisha jeusi likamulika mara moja, likapotea. Programu haikufunguka. Nikasema pengine mashine imezeeka, nikaizima nikalala.

Wiki iliyofuata Shangazi alipiga simu kutoka Taveta.

"Umepata nafuu?"

"Nafuu ya nini, Shangazi?"

Kimya. Halafu akasema polepole, "Si uliniandikia juzi uko hospitali?"

Mtu alikuwa ameingia kwenye Facebook yangu na kumwandikia. Alianza vile mimi huanza, "Shangazi wa mimi, shikamoo," kwa sababu alikuwa na mazungumzo yetu ya miaka mingi ya kusoma. Alisema nimegongwa na pikipiki, simu yangu imeibiwa, na hospitali inataka pesa kwanza. Atume kwa namba ya rafiki yangu. Shangazi alituma 6,500. Jina la mtu asiyemjua lilitokea kwenye simu yake kabla hajathibitisha, lakini hadithi ilikuwa imeshamwandaa kwa jina hilo. Tuliutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe. Zilikuwa zimetolewa zamani.

Zilikuwa pesa za mbuzi aliouza. Nikamwambia nitalipa.

"Mimi sikulia juu ya pesa," akasema. "Nililia nikidhani na wewe unaenda kama kaka yako."

Niliketi mbele ya ile kompyuta na kitambaa chake. Rafiki yangu anayefanya kazi za mitandao alikuja jioni, akaniuliza maswali kama daktari. Nywila zako unazihifadhi wapi? Nikamwambia kivinjari hunikumbushia. Akatikisa kichwa. Kuna virusi ambavyo haviharibu chochote, alinieleza, wala havikuonyeshi chochote. Vikiingia, vinachota nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vile vipande vya data vinavyokufanya ubaki umeingia kwenye akaunti, vinatuma kwa mwenyewe, basi. Kazi imeisha kabla hujafunga mlango wa chumba cha kulala.

Kilichonimaliza ni kitu kingine. Hata bila hiyo programu, nilikuwa nimejianika. Alinionyesha tovuti ya Have I Been Pwned, ambayo Troy Hunt aliianzisha mwaka wa 2013. Unaweka anwani ya barua pepe, inakuambia ni wizi upi wa data unaojulikana ambao umeibeba. Yangu ilikuwa kwenye orodha mara mbili, kutoka kwa tovuti ambazo nilishasahau kama niliwahi kujiandikisha. Wezi huchukua jozi moja ya anwani na nywila, wanaijaribu kila mahali. Ukiwa na ufunguo mmoja wa nyumba, duka na kaburi, anayeuokota hahitaji kuuliza kingine.

Nilienda kituo cha polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni tunayo tangu 2018. Afisa aliandika kwenye OB, halafu akaniuliza, "Kwani paswadi ulimpa nani?" Nilitaka kukasirika. Lakini lile swali lilikuwa na maana kuliko alivyodhani.

Tulianza na simu, kwa sababu kubadilisha nywila kwenye mashine yenye virusi ni kumsomea mwizi nywila mpya. Barua pepe kwanza, maana ndiko nywila nyingine zote huombewa upya. Tukatoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, tukaweka hatua ya pili ya uthibitisho. Kisha kompyuta ikafutwa yote, ikawekwa Windows halali inayokubali masasisho. Ile ya kwanza ilikuwa imezimiwa apdeti tangu dukani. Rafiki yangu alinikumbusha WannaCry ya Mei 2017, iliyofunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali Uingereza. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha ule ufa miezi miwili kabla, Machi. Wengi walioumia walikuwa hawajakiweka.

Mdogo wangu akapata akaunti yake isiyo na uwezo wa kusakinisha kitu. Alinuna siku mbili. Hesabu za chama na picha sasa zina nakala kwenye diski ya nje ambayo inachomolewa ikimaliza kazi. Nywila zangu zinatunzwa na programu maalumu, kila akaunti na yake, ndefu hadi hata mimi sizijui. Ninayoikariri ni moja tu, maneno matano yasiyohusiana na mtu yeyote ninayempenda.

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kwa wiki kadhaa vidole vyangu viliendelea kuandika jina lake vyenyewe, na kila mara skrini ikanijibu kwamba si sahihi. Nilihisi kama ninamzika mara ya pili, tena kwa mikono yangu. Nikagundua kwamba kwa miaka saba nilikuwa nimeliandika jina hilo maelfu ya mara, na sikumbuki mara ya mwisho kulitamka nyumbani.

Shangazi ndiye aliyetoa wazo. Yeyote wa familia akiomba pesa, aulizwe swali moja kuhusu kaka: ng'ombe wa Nyanya alikuwa akimwita nani? Jibu halipo Facebook, halipo WhatsApp, halijaandikwa popote. Liko kwetu tu, na linatuchekesha. Siku Mama alipoulizwa mara ya kwanza alicheka hadi akakaa chini, kisha akatusimulia mambo ya kaka tusiyowahi kuyasikia, mpaka saa sita usiku.

Deni la 6,500 nilimaliza kulipa mwezi wa nne. Shangazi bado huniuliza lile swali kila nikimpigia, hata nikiwa nataka kumsalimia tu.

"Shangazi, leo siombi pesa."

"Najua," husema. "Jibu kwanza."