Yanonge: Kabla ya kutia kompresa kwenye masuwa

Pale Yanonge, chini ya Kisangani kwenye mto Congo, kijana mmoja ana masuwa ya mbao inayopeleka makala, mihogo na abiria mjini. Kwenda ni kupanda maji, na motere yake imechoka. Alipata feza kidogo. Akaona kwenye simu gari la mashindano lenye kompresa, akamkimbilia mekanisie wa zamani.

– Papa, nikitia kompresa si nitawapita wote?

– Kompresa gani, mtoto wangu? Ziko aina nyingi.

Mzee akaeleza. Kompresa inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, mafuta mengi yanaungua, nguvu inaongezeka. Aina ya Roots ilitoka Marekani katika miaka ya 1860, kwa kupuliza hewa kwenye matanuru ya chuma. Ina rota mbili. Inatoa nguvu hata motere ikizunguka polepole, lakini inapasha hewa moto sana. Aina ya skrubu inakandamiza hewa ndani yake na kupoteza nguvu kidogo zaidi, ila ni ghali. Aina ya gurudumu lenye mapanga inapenda mbio: mzunguko ukishuka nusu, msukumo unabaki karibu robo tu.

Zote tatu zinazungushwa na motere yenyewe, kwa hiyo zinakula sehemu ya nguvu yake. Turbo, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hati mwaka 1905, inazungushwa na moshi. Lakini oili chafu inaiua haraka.

– Sasa fikiri masuwa yako, mzee akasema. Gari la mashindano linapumzika kwenye kona. Wewe unapanda maji na mzigo, saa nyingi, bila kupumzika. Ukitia kompresa kwenye motere ya esanse, na esanse yenyewe ni mbaya, itagonga mpaka pistoni zipasuke. Ikizimika usiku katikati ya mto, utawaambia nini mama na watoto walio juu ya magunia?

Kijana alinyamaza. Siku tatu baadaye alinunua motere ya mazutu, kubwa kuliko ya kwanza, bila kompresa wala turbo. Feza iliyobaki alinunua jile za kuokoa watu.

Katika safari ya kwanza masuwa mbili zilimpita, vijana wakimpigia mayowe. Yeye alifika Kisangani asubuhi, abiria wote wakashuka, makala ikauzwa. Kesho yake alikuwa tena Yanonge, anapakia.