Redio ya Chini ya Kitanda cha Baba

Akina mama wenzangu, wengi wetu tuna kitu nyumbani ambacho hatukigusi. Hakitumiki, hakiuzwi, wala hakitupwi. Kwangu kitu hicho kilikuwa redio. Ilikaa chini ya kitanda cha baba yangu mzazi, imefungwa ndani ya gunia la sukari. Leo napenda kuwasimulia jinsi ilivyotengenezwa, na neno ambalo ilinilazimisha kulisema baada ya miaka 36.

Mimi ni muuguzi kwa kazi, na siku za Jumamosi hutembelea wagonjwa majumbani pamoja na akina mama wa usharika wetu. Nilizaliwa mwaka 1979 nikakulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali moja ya misheni, kanda ya kati, ambako baba alikuwa mhudumu. Hospitali ile ilikuwa na daktari mmisionari kutoka Marekani. Pamoja na udaktari, alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa. Hii si redio ya matangazo wala ya biashara. Ni mtambo wa kuzungumza na watu wengine wenye leseni kama hiyo duniani, bila malipo, kwa mapenzi tu. Kila mmoja hufanya mtihani, kisha hupewa alama yake ya mwito. Alama za Tanzania huanza na 5H.

Mtambo wa daktari ulikuwa Heathkit HW-101. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1970, nayo haikuuzwa ikiwa nzima. Kampuni, iliyokuwa katika mji wa Benton Harbor, jimbo la Michigan, ilipeleka vipande ndani ya sanduku pamoja na kitabu cha maelekezo, na mnunuzi akalehemu kila kipande kwa mkono wake mwenyewe. Daktari aliuunda wa kwake kabla ya kuja Afrika. Ndiyo sababu aliupenda mno.

Ndani yake mlikuwa hasa na valvu za kioo zinazowaka kama taa. Valvu zinahitaji kupata moto. Ukiwasha tu, masafa huhamahama, na huchukua nusu saa hivi kutulia. Kazi hiyo alipewa baba. Kila Jumapili jioni, nusu saa kabla ya daktari kuja kuzungumza na kaka yake aliyeko Marekani, baba alifungua kile chumba kidogo, akawasha mtambo, akafuta vumbi, akafunga mlango na kusubiri. Ufunguo alikuwa nao yeye, mhudumu asiyemaliza hata darasa la nane. Aliuvaa shingoni kwa kamba. Sisi watoto wake tulijiona watoto wa mkubwa.

JIONI YA 1988

Jumapili moja mwaka 1988 nilikuwa na miaka tisa. Nilipita karibu na chumba kile nikaona mlango uko wazi na hakuna mtu. Niliingia. Namba zilikuwa zinang'aa, na sauti ilikuwa kama mvua ikinyesha mbali. Nilishika kile kidude kikubwa cha kutafutia masafa nikazungusha. Namba zikaenda. Nikazungusha tena na tena, mpaka zikafika mwisho zikagoma. Mimi nikalazimisha. Ghafla kidude kikawa chepesi mkononi mwangu. Kilizunguka, lakini namba hazikusogea tena, mbele wala nyuma. Nilikimbia nyumbani nikajifanya nimelala.

Daktari alipokuja, saa ya miadi ilikuwa imefika na mtambo umenasa mwisho wa masafa. Hakuweza kumpata kaka yake. Siku sita baadaye alipokea simu ya maandishi kwamba mama yao amefariki. Jumapili ile kaka yake alikuwa amesubiri ili amwambie kwamba mama ana hali mbaya.

Daktari alimwuliza baba nani ameigusa redio. Baba alijibu kwamba ufunguo ni wake peke yake na hakuna mwingine aliyeingia. Basi daktari, katika uchungu wake, aliunyosha mkono akauchukua ule ufunguo. Baba alirudishwa kufua mashuka ya wodini. Sikumwona akilia, ila kamba ya ufunguo aliendelea kuivaa muda mrefu bila ufunguo.

Nami nilikaa kimya. Kwanza niliogopa fimbo. Baadaye niliogopa aibu. Mwisho miaka ilikuwa mingi mno, nikajiambia kwamba hakuna faida ya kufukua kaburi.

Daktari alikwenda likizo akarudi na mtambo mwingine mdogo. Alipoondoka kabisa mwaka 1993, alimwachia baba ile redio mbovu. Hakutoa maelezo mengi. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye gunia, na hakuifungua tena.

FUNDI NA GOLOLI

Mama yetu alipofariki mwaka 2021, baba alikuja kuishi kwangu. Mwaka 2024 nilikuwa natoa vitu chumbani mwake ili tupige dawa ya mchwa. Nikasema, "Baba, hili gunia tulitupe?" Akanijibu haraka, "Hilo usitupe, mwanangu. Hilo nina deni nalo."

Neno lile lilinichoma. Deni lile lilikuwa langu, si lake. Usiku ule sikulala, na asubuhi nilikata shauri kwamba kama siwezi kusema, angalau nitatengeneza.

Mtaa wa pili kuna mzee mstaafu aliyekuwa fundi mitambo wa Posta na Simu. Nilimpelekea. Alifungua mfuniko akacheka, maana nyigu walikuwa wamejenga humo na panya wamekula waya. Kisha akawa mkali. "Sista, humu usitie mkono bila mimi. Mtambo huu ukiwa unafanya kazi una zaidi ya volti 700, na kapasita huweza kushika umeme hata ukishachomoa waya ukutani." Kila mara kabla ya kuanza aliumaliza umeme uliobaki. Hakuniruhusu kuuwasha hadi alipobadilisha kapasita za zamani za sehemu ya umeme, kwa kuwa zikikaa miaka mingi hukauka na zinaweza kupasuka.

Kazi nyingine tuliigawana. Swichi ya kubadilisha masafa ilikuwa imeshika weusi kwenye kila mguso. Nilizisugua sehemu zile moja moja kwa brashi ndogo na dawa ya kusafishia swichi, kama ninavyosafisha kidonda: taratibu, kutoka ndani kwenda nje. Zamu tatu za jioni ziliishia hapo.

Siku ya nne tulifika kwenye kile kidude. Moyo wangu ulidunda. Fundi alikitoa, na nyuma yake palikuwa na kikopo kidogo cha chuma. Ndani ya kikopo mlikuwa na gololi ndogo zilizoubana mhimili. Alinieleza kwamba hakuna meno humo. Gololi hushika kwa kubana tu, na ndizo zinazopunguza mwendo, ili mkono ukizunguka sana namba zisogee kidogo. Grisi iliyokuwamo ilikuwa imekauka ikawa kama gundi ya kiatu. Mhimili wa ile kapasita ya kuzungushwa nao ulikuwa mgumu upande mmoja.

Nilimwuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, mtoto akilazimisha hapa, anaweza kuvunja?"

Alitikisa kichwa. "Hapana. Hii imetengenezwa iteleze. Ukifika mwisho ukalazimisha, gololi zinateleza ili kisivunjike kitu. Mwenye redio alikuwa akizungusha palepale katikati kila siku. Huku mwisho grisi ikakauka. Siku ilipopelekwa huku ikanasa, na gololi hazikuwa na nguvu ya kuirudisha. Haikuvunjika. Aliyeiunda kwa mkono wake, angejua tu kwamba imepelekwa mwisho, angefungua mfuniko akausogeza mhimili kwa vidole. Ni kazi ya dakika chache."

Dakika chache! Akina mama, nilitoka nje nikajifanya naangalia nguo kambani. Miaka yote ile nilidhani mkono wangu ulivunja redio ya daktari. Mkono haukuvunja kitu. Kosa langu lilikuwa la mdomo. Kama ningekimbia kwa baba badala ya kukimbilia kitandani, pengine daktari angezungumza na kaka yake jioni ileile.

Nilirudi tukaendelea. Gololi tuliziosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa spiriti, tukazipangusa kwa pamba. Nilitia grisi mpya kidogo sana, na kwenye mhimili nikadondosha mafuta tone moja kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Fundi alisifu mkono wangu. Alipozungusha, namba zilikwenda mpaka mwisho na kurudi, laini, bila kukwama.

NENO KWA BABA

Sikungoja redio imalizike. Jioni ile, baada ya chakula, nilivuta kigoda nikakaa upande wa sikio lake linalosikia. "Baba, nina neno." Nikamwambia yote: mlango, kidude, kitanda.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa, baba."

"Mimi nilikuwa na arobaini na minne," akasema. "Nilijua kuna mtu ameingia. Mlango niliuacha wazi mimi. Nilikwenda kuangalia kuku wa mama yako, nikachelewa. Daktari aliponiuliza, nilisema nimefunga. Kwa hiyo, mwanangu, usidhani nilikuwa nakukinga wewe. Nilikuwa najikinga mimi."

Tulitazamana. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika nusu ya jambo moja chini ya paa moja, na kila mmoja alidhani ameshika lote. Nilimpigia magoti. Aliniwekea mkono kichwani, kisha akasema, "Inuka, ukaniletee maji." Hivyo ndivyo alivyonisamehe, nami nikamwelewa.

Wiki mbili baadaye redio iliwaka. Mwanangu wa kidato cha tatu alipanda mwembeni akafunga waya wa shaba. Hatukuunganisha kipaza sauti, kwa sababu kurusha mawimbi bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa la kisheria. Tulisikiliza tu. Baba mwenyewe ndiye aliyeiwasha, na alitukataza kuigusa kwa nusu saa. Baadaye alizungusha polepole, na katikati ya ile sauti ya mvua akatokea mtu, Kiingereza chake kina lafudhi ya Kiitaliano, akiita CQ, CQ, yaani anamwita yeyote anayemsikia. Baba alitabasamu kama kijana. Alisema, "Huyo anaita. Daktari naye alikuwa anaita hivyo."

Hapo uso wake ulibadilika. Daktari alifariki mwaka 2011, kwao Marekani. Hatukuwahi kumwambia. Sisi wawili tumesameheana, lakini mwenye msiba hakusikia neno letu. Baba alinisomea barua nikaiandika, naye akatia sahihi kwa mkono unaotetemeka. Tuliituma kwa watoto wa daktari kupitia ofisi ya kanisa. Mpaka ninapoandika haya, hatujapata jibu, na huenda tusilipate. Baba anasema barua ile haikutumwa ili tujibiwe.

Mpenzi msomaji, katika kazi yangu nimeona jipu lililofunikwa kwa bendeji safi. Kwa nje linapendeza, ndani linakula nyama. Mtume Yakobo anatuagiza tuungamiane dhambi zetu, nami nilikuwa nimefundisha jambo hilo katika kikundi chetu zaidi ya mara moja, huku gunia liko chini ya kitanda.

Kama una neno la kumwambia mzazi, mume, mtoto au jirani, mwambie angali anasikia. Usingoje kwanza ujue kosa lilikuwa kubwa kiasi gani. Huenda, kama langu, lilikuwa jambo la dakika chache. Na ikiwa aliyekosewa amekwisha kwenda, waambie waliobaki. Grisi hukauka taratibu, bila kelele, na siku tunapoihitaji ile redio ndipo tunapojua imenasa.

Baba sasa ana ufunguo wa sebule yetu. Kila Jumapili jioni anawasha redio, anaketi, anasubiri ipate moto.