Picha ya familia kabla ya giza

Huku Goma jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, na giza halichelewi. Mpiga picha anapata kama dakika ishirini tu za mwanga mzuri. Mchana jua linasimama juu ya vichwa, macho yanaingia kivulini, na mawe meusi ya volkano yanameza mwanga wote. Jioni mwanga unakuja kwa ubavu, na hata uso uliochoka unapendeza.

Pale Kanyaruchinya nilipiga picha za familia saa hiyo, wakati akina mama wamerudi na kuni, watoto na bidoni za maji. Jioni moja shati moja jeupe lilivaliwa na baba wanne: huyu akimaliza analivua, mwenzake analivaa. Turubai nyeupe za mahema zilinisaidia sana. Nilikalisha watu karibu nazo, zikarudisha mwanga kwenye nyuso. Moshi wa jikoni ndio ulinisumbua.

Watu wa Rutshuru walitaka Nyiragongo ionekane nyuma yao, maana kwao ni ng'ambo ya mlima. Basi niliwageuza uso kidogo upande wa Masisi, jua linakozama.

Mama mmoja aliniambia: «Kaka, acha nafasi hapa kando yangu. Baba yao hajafika bado.» Nikamwambia kuna studio mjini wanaobandika sura kwa kompyuta. Akakataa. «Ukimbandika, watoto watasema alikuwa hapa.» Akatoa kadi ya zamani ya uchaguzi ya mume wake, picha pekee aliyobaki nayo, akaishika kifuani. Nafasi ikabaki wazi, upana wa mtu mmoja. Naona alisema kweli kuliko studio.

Mwezi wa pili 2025 kambi zilibomolewa, watu wakatawanyika kwa siku chache. Turubai walibeba, lakini picha nyingi zilikuwa hazijachapwa. Ninazo bado. Sizitumi kwenye WhatsApp wala kuzibandika ukutani, maana siku hizi sura ya mtu inaweza kumletea matatizo. Aliyepigwa picha nami aje mwenyewe, au atume mtu anayeonekana kwenye picha hiyo hiyo. Halipi kitu.

Ya yule mama nimechapa mbili.