‘Ukiingia, Utoke!’ Siku Nilipovunja Kiapo cha Mama Ziwani Kivu

MSOMAJI wangu, kabla hujaanza kunicheka, naomba nikuulize. Umeshawahi kukaa mji wenye ziwa miaka minane, unaoga kwa ndoo tu, hata kidole cha mguu hujakichovya ziwani? Basi mimi ndiye huyo. Washikaji zangu pale Kigoma mjini wakishuka Kibirizi jioni kuogelea, mimi nabaki nchi kavu nawalindia nguo na simu. Wakanibatiza jina: Stoo Kipa. Nilikuwa nacheka nao, lakini moyoni nilikuwa na yangu.

Yenyewe ni haya. Kwetu ni Kabanga, Kasulu, kule juu kwenye baridi na migomba. Mwaka 2004 kaka yangu mkubwa alishuka ziwani kutafuta maisha, akaingia kwenye mitumbwi ya dagaa. Dagaa huvuliwa usiku, giza likikolea, kwa taa. Usiku mmoja upepo ukaubeba mtumbwi wao, ukapinduka. Wenzake wawili walijua kuogelea, wakatoka. Kaka, mtoto wa milimani, hakujua. Mimi nilikuwa na miaka 11. Matanga yalipoanuliwa mama alituita tuliobaki, akatuapisha mmoja mmoja: mtoto aliyetoka tumboni mwake asiingie tena ziwani. Nikaapa, huku nalia.

Sasa kasheshe ilianzia wapi? Januari 2022 rafiki yangu mmoja anayefanya kazi Kigali alinipigia simu. “Mwanangu, Agosti kuna mashindano Rubavu, ziwani Kivu. Ya kwanza kufanyika Rwanda. Njoo tuumie wote!”

Mchezo wenyewe unaitwa trayathloni. Unaogelea, ukitoka majini unadandia baiskeli, ukishuka unakimbia kwa miguu, hakuna kupumzika. Wenye wazimu huu wa masafa marefu walianzia visiwani Hawaii mwaka 1978: kilomita 3.8 majini, 180 kwa baiskeli, halafu marathoni nzima juu yake. Walianza wanaume 15, wakamaliza 12, na wakaitwa watu wa chuma. Hii ya Rubavu ilikuwa nusu yake: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Ukizidisha saa nane na nusu, pole yako, hesabu yako imefungwa.

Baiskeli haikunitisha. Mtoto wa Kabanga na baiskeli ni chanda na pete. Nimesukuma mikungu ya ndizi na magunia ya mihogo mpaka soko la Kasulu tangu nikiwa darasa la tano. Kukimbia pia, nani asiyekimbia? Kizaazaa kilikuwa maji.

Usiku ule sikulala. Nikamuwaza kaka. Nikajiuliza, hivi kaka aliuawa na kuingia ziwani, au aliuawa na kutojua kuogelea? Kile kiapo kilitufundisha kuogopa maji, lakini hakikutufundisha kutoka humo. Alfajiri nikatelemka Kibirizi peke yangu.

Nilimpata mzee mmoja mvuvi mstaafu, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akanitazama juu mpaka chini. “Kijana mzima hivi? Haya, vua shati.” We acha tu! Wiki ya kwanza nilikunywa maji ya Tanganyika mpaka nikahisi ziwa limepungua. Watoto wa darasa la pili wanapita kama samaki, mimi nimeng’ang’ania mtumbwi kama kupe. Lakini mzee alinifundisha jambo moja kabla ya mengine yote: kulala chali juu ya maji, kifua kimejaa pumzi, bila kufurukuta. “Maji hayakutaki chini,” alikuwa akisema. “Ni wewe unayejizamisha kwa woga.” Mwezi wa tatu nikavuka mita 100. Mwezi wa sita nikafika kilomita moja na nusu, mzee yuko pembeni na mtumbwi, anapiga kasia na kunitania.

Haya yote mama hakuyajua.

Safari ya Rwanda kutokea Kigoma inapita Kasulu, unakwenda Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, halafu unaikamata njia ya Rusumo mpakani. Kwa maana hiyo nyumbani ni njiani. Ningeweza kupita kimya kimya, lakini ningepitaje na siri ile? Nikashuka, nikalala Kabanga.

Tukala ugali wa muhogo na migebuka kwa mawese. Baada ya kunawa nikasema, “Mama, nimejifunza kuogelea. Jumapili ya wiki hii naingia ziwani, mbele ya watu.” Mama hakunijibu. Akainuka, akaenda jikoni, nikasikia vyombo vinagongana, vilevile vilivyokwisha oshwa. Nililala na kijiwe kifuani.

Alfajiri nikamkuta mlangoni, amefunga mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Akanipa. Kisha akasema maneno mawili tu: “Ukiingia, utoke.”

Tarehe 14 Agosti 2022. Rubavu, ambako wengi bado wanakuita Gisenyi, ni mji uliopakana na Goma, ukuta kwa ukuta. Kiswahili kinazungumzwa pale, usione taabu. Juu yake unauona mlima Nyiragongo, uleule ulioripuka Mei 2021 watu wa Goma wakakimbilia upande huu. Na ziwa Kivu kwa uzuri! Halina mamba wala kiboko. Lina gesi tu, kule chini kabisa, wenzetu wanaitoa na kufulia umeme. Nikajisemea, afadhali gesi kuliko mamba.

Tukaingia majini. Mita 500 za kwanza poa kabisa. Ghafla mguu wa mtu ukanipiga usoni, nikabugia maji, nikakohoa, nikabugia tena. Nikatazama chini, nikaona weusi mtupu. Hapo ndipo kaka akanijia. Si sura yake, hapana, ule usiku wake. Mikono ikawa mizito, moyo unapiga ngoma. Nikaanza kufurukuta kama kuku wa kuchinjwa.

Maji hayakutaki chini. Nikageuka chali, nikajaza kifua, nikatulia. Nikaona mbingu. Mlinzi wa kwenye mtumbwi akaniuliza kama anitoe, maana yake nimekwisha. Nikatikisa kichwa. Nikakaa pale dakika mbili, nikikumbuka somo moja la jiografia: maji ya Kivu hutoka kwa mto Ruzizi, yanateremka mpaka Tanganyika. Haya haya. Yanakwenda alikolala kaka yangu. Sijui kwa nini jambo hilo lilinipa nguvu, lakini nikageuka tena kifudifudi, nikaanza kuvuta maji taratibu, moja, mbili, moja, mbili. Nilitoka kwa dakika 58. Mwisho ulikuwa saa moja na dakika kumi.

Baiskeli ya mbio niliazimwa na rafiki yangu. Nyepesi, unaweza kuinyanyua kwa vidole viwili! Bila gunia la mihogo nyuma, vilima nilivipanda nikipiga mluzi. Watu barabarani wanapiga kelele “Komera! Komera!”, yaani jikaze. Muha hahitaji mkalimani hapo, Kinyarwanda na Kiha ni mtu na binamu yake. Nikamaliza kwa saa 4 na dakika 8, roho kwatu.

Kumbe kiama kilikuwa kwenye kukimbia. Kilomita ya 12 mapaja yalikaza kama mti mkavu. Nikatembea. Nikamkumbuka John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, mwaka 1968 kule Mexico, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Nikaona aibu. Nikatembea hatua mia, nikakimbia hatua mia, hivyo hivyo mpaka utepe. Saa 7 na dakika 52, jumla. Walionitangulia walishaoga na kula.

Wakanivika medali. Sikuitazama. Nikaomba simu kwa rafiki yangu, mikono inatetemeka, nikapiga Kabanga. Iliita mara moja tu.

“Shikamoo mama. Nimetoka.”

Kimya. Halafu nikamsikia akivuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyeinua kichwa kutoka majini. Hakuniuliza nimekuwa wa ngapi, wala baiskeli ilikuwaje. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba tangu asubuhi mama hakutia kitu mdomoni, amekaa na simu mapajani.

“Marahaba,” akasema. “Sasa ngoja na mimi nile.”

Siku hizi washikaji wakishuka Kibirizi, nguo zao wanatafuta Stoo Kipa mwingine. Na likizo iliyopita nilipopanda Kabanga, mama aliniletea watoto wawili wa dada yangu, mabegi yao yameshafungwa. “Nenda nao,” akasema. “Wafundishe kutoka.”