Tangawisi ya Soko Ndani ya Mifuko Yetu

Sisi ni wawili, dada na kaka wa nyumba moja, mmoja wa mwaka wa tano na mwingine wa mwaka wa tatu. Wengi wenu mumetuuliza ile majani marefu katika parsele yetu ni ya nini. Wengine walisema ni matete, wengine muwa. Hapana. Ni tangawizi, ama tangawisi, vile tunasema kwetu Bukavu.

Mama yetu anauza maji ya tangawisi katika machupa, na ile kazi njo inalipa minervali yetu. Kila juma ananunua kilo 2 katika soko la Kadutu. Bei haisimami pahali pamoja. Mwezi wa nane mwaka jana tulimwambia: «Mama, tuachie kilo 2, tupande.» Alicheka kwanza, kisha akasema: «Kilo 2 ni kazi ya juma nzima. Kama inaoza, mutalipa masomo na nini?» Lakini alitoa.

Profesa wa biolojia alikwisha kutufundisha kama ile tunaita muzizi wa tangawisi si muzizi. Ni shina lenye kulala chini ya udongo, njo maana liko na macho kama kiazi. Ni ndugu ya manjano na iliki. Watu hawaipandi kwa mbegu, wanaipanda kwa vipande tu, toka zamani sana, hata porini haipatikani tena. Kwa hiyo mwenye kununua tangawisi ya chai amenunua pia mbegu, ila tu haoni vile.

Kilo moja na nusu ilitoka sokoni, nusu kilo ilitoka dukani katika mji. Ile ya duka ilikuwa safi, imeoshwa, inapendeza macho. Ile ya soko ilikuwa bado na udongo wa shamba. Tulichagua zile ngumu, zisizokunjana, zenye macho ya kunenepa. Tukazilaza usiku moja katika maji, tukazikata vipande vya urefu wa kidole, kila kipande na macho 2, tukapakaa majivu pahali pa kukata, tukaacha zikauke siku 2. Kisha tukaziweka katika basini ya mchanga wa baridi kidogo. Vipande 36 vya soko, 33 vilitoa machipukizi. Vipande 12 vya duka, 4 tu. Wasomaji, musidanganywe na usafi!

Parsele yetu ni ndogo na iko mlimani, mvua inabeba udongo. Kwa hiyo tulitumia mifuko 9 ya unga, yenye matundu chini, juu tangawisi haipendi kusimama ndani ya maji. Udongo tulichanganya na mavi ya dende yaliyokaa miezi mingi. (Mavi mapya yanaunguza.) Mwisho wa mwezi wa tisa, mvua ilipokwisha kurudi, tulipanda vipande 4 kila mufuko, chini kwa sentimeta 5 hivi, mifuko chini ya migomba, sababu jua kali linachoma majani yake. Juu tulifunika na majani makavu. Kisha ni kungoja tu, na kuongeza udongo kila mara shina likionekana inje.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa kwanza bei ilipanda karibu mara mbili. Mama alirudi kutoka soko na kikapu kitupu. Akatazama mifuko yetu. Kungoa yote ilikuwa hasara: tangawisi inaomba miezi 8 hata 10. Ile changa ni maji tu, haina ukali na haikai.

Hapo profesa alitusaidia. Alieleza kama katika Sikkim, kule Uhindi, walimaji wanafukua pembeni ya mumea, wanatoa kile kipande cha zamani walichopanda, wanakiuza, na mumea unaendelea kukomaa. Kile kipande hakiozi kama kiazi cha mbegu, na ukali wake uko paka pale.

Nyumbani tulibishana. Mdogo alisema: «Utamuondoa mama na watoto wangali wananyonya?» Mkubwa akajibu kama watoto wako na majani yao, wanajilisha. Mama akakata maneno: mifuko 5 ifunguliwe, 4 isiguswe.

Tulifukua na vidole, bila jembe, tukavunja pole pole. Vipande 20, karibu gramu 800, vizee, vyenye nyuzi, lakini ukali wa kutoa machozi! Mama akavipiga katika kinu na kazi yake haikulala juma lile. (Habari ya sukari ni ingine, hatuiandike hapa.)

Majuma 3 nyuma yake mufuko mmoja kati ya ile 5 ukaanza kugeuka manjano, shina likaanguka, harufu mbaya. Tuliubeba na udongo wake wote mbali, tukanawa mikono na jembe, sababu ule ugonjwa unapita katika udongo na maji. Mdogo anasema ni kile kidonda. Mkubwa anasema ni mvua ya mwezi wa pili, na ule mufuko ulikuwa pahali pa chini.

Mwezi wa sita majani yakakauka yenyewe. Mifuko 4 isiyoguswa ilitoa kilo 6, na ile 4 iliyofunguliwa ikatoa kilo 5. Mama alichukua kilo 8 na nusu, ni kazi ya mwezi moja bila kwenda Kadutu. Minervali ya trimesta ya kwanza iko tayari, ya sisi wawili.

Kilo 2 na nusu ziko katika mchanga mukavu chini ya kitanda, zinangoja mvua. Habari ya kufungua mifuko tena haijaisha nyumbani. Mama amekwisha kuomba mifuko 12.